Kichupa cha Arobaini na Moja

Nyumbani walimwita Mbona tangu akiwa na miaka minne, na wala hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Maswali yake hayakuwa na likizo. Mbona kidonda kinawasha kikikaribia kupona? Mbona mafua yanamkamata dada halafu yananiruka mimi, na kikombe tunanywea kimoja? Mama yake ni fundi cherehani, na fundi cherehani akiwa kazini huwa amebana pini kwa midomo, kwa hiyo alimjibu kwa kumtolea macho tu. Shangazi ndiye aliyekuwa na nafasi ya kusema. "Huyu," alisema, "siku yake ikifika atamshika mtoa roho mlangoni amuulize, mbona umechelewa."

Sasa Mbona ana miaka ishirini na saba, na kuuliza ndiyo kazi yake. Ni mtafiti mdogo katika maabara inayochunguza kinga ya mwili, yaani zile seli nyeupe za damu zinazotambua vijidudu na kupambana navyo. Ukoo mzima unajivunia kazi hiyo bila kuielewa. Shangazi akipata mafua hupiga simu.

"Mwanangu, walinzi wangu wamelala. Niwaamsheje?"

"Pumzika, shangazi, unywe maji kwa wingi."

"Miaka yote hiyo shuleni, wamekufundisha maji?"

Na swali la pili halikosekani: dawa itatoka lini? Mbona alishachoka kueleza kwamba yeye hatengenezi dawa, anatafuta kujua. Mama peke yake haulizi habari za dawa. Yeye ana swali lake moja, na huliuliza kila binti yake akija kula: "Mimi nitakusaidia nini kwenye hiyo kazi yako?" Mbona hucheka akamwambia hakuna, mama, wewe pumzika. Mara moja tu alimpa koti lake jeupe la maabara apunguze mikono. Likarudi limepunguzwa, na ndani ya kola, mahali pasipoonekana na mtu, mama alikuwa ameshona alama ya kuuliza kwa uzi mwekundu.

Maabara yenyewe ni chumba kirefu ghorofa ya tatu, chenye dirisha lisilofunguka na friji ambayo mlango wake umefungwa kwa plasta ya hospitalini. Kuna mashine ya kuzungushia damu, inayonguruma na kutetemesha meza hadi kalamu zinatembea zenyewe. Kuna kabati la joto, ambamo seli hulazwa katika joto lile lile la mwili wa binadamu ili zisijue kwamba zimehamishwa. Na kuna visahani vya plastiki, kila kimoja na vishimo tisini na sita, kila kishimo kikubwa cha kutosha tone la machozi. Mbona alitumia siku zake akiinamia vishimo hivyo, akidondosha tone hapa, tone pale, mpaka dole gumba lake la kulia likawa na sugu. Wakati mwingine alizisemesha zile seli. "Amkeni basi, jamani. Mgeni yuko mlangoni."

Utafiti wake ulikuwa huu. Wazee mia moja na kumi na wawili walichanjwa chanjo ya kuzuia homa ya mapafu. Baada ya mwezi walitolewa damu, na Mbona akatenga seli zao nyeupe, akazionyesha kipande kidogo cha kile kijidudu walichochanjiwa, kisha akasubiri. Seli ikikikumbuka kijidudu, huamka na kutoa ishara, na kishimo hugeuka buluu. Isipokikumbuka, kishimo hubaki cheupe kama maji. Wazee wenye namba moja hadi hamsini na sita walikuwa wa kituo cha afya cha mbali, mwendo wa saa tatu kwa gari. Waliosalia walikuwa wa kituo kilichoko ng'ambo ya ua wa maabara, ambacho muuguzi wake huvuka ua na vichupa mkononi.

Matokeo yalipotoka hayakuhitaji miwani. Wa karibu, buluu tupu. Wa mbali, maji matupu.

Profesa, mkuu wa maabara, mama mmoja mrefu mwenye kutembea haraka na kuvaa kalamu tatu nyweleni mwake akisahau zote, alipiga meza kwa furaha. "Minyoo!" alisema. Alikuwa na hoja yake ya siku nyingi: minyoo wanaokaa tumboni mwa mtu huzibembeleza seli zake zinyamaze, maana mpangaji mwerevu hataki ugomvi na mwenye nyumba. Kule mbali minyoo wako wengi. Basi kila kitu kilikaa mahali pake. Na kilikaa kwa wakati wake, kwa sababu Ijumaa ya wiki ile jopo la chuo lingekutana kuchagua mtu mmoja, mmoja tu, wa kupewa nafasi ya masomo ya uzamivu, yale ya kumfanya mtu aitwe daktari bila kushika sindano. Mbona aliitaka nafasi ile kiasi cha kuiota. Bila hiyo angebaki msaidizi wa maswali ya watu wengine mwaka mzima, pengine zaidi. Kwa matokeo yale, Profesa alisema, mwenye macho haambiwi tazama.

Ila kulikuwa na kishimo cha mzee namba arobaini na moja.

Huyu alikuwa wa kituo cha mbali kama wenzake, na kishimo chake kilikuwa buluu iliyokolea. Mbona akarudia. Buluu. Akarudia tena kwa seli za mwisho zilizobaki, akishika pumzi. Buluu ile ile.

"Mmoja kati ya hamsini na sita," Profesa alisema Jumatatu. "Mwekee kinyota, uandike chini ya jedwali, tuendelee. Huyo atakuwa hana minyoo."

Mtu mwingine angeweka kinyota. Mbona akaenda kufungua daftari la vipimo vya choo. Arobaini na moja alikuwa na minyoo, tena si haba. Aliwazidi majirani zake.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kumpungua. Ni kitu cha ajabu, udadisi. Watu husema ni tabia nzuri, lakini aliyenao anajua kwamba unawasha kuliko kuumwa na mbu kwenye unyayo ndani ya kiatu. Jumanne alikwenda kuomba ruhusa ya kusafiri hadi kituo cha mbali.

"Ijumaa una jopo," Profesa alisema, "na wewe unataka kwenda kutembea?"

"Nitakwenda kesho na kurudi kesho hiyo hiyo, Profesa. Nataka kuuliza tu."

"Kuuliza nini?"

"Sijajua bado."

Profesa akapapasa kalamu kichwani, akasaini karatasi ya gari.

Dereva wa maabara walimwita Taratibu. Jina hilo alipewa barabarani, na baiskeli zilizompita. Kabla ya kuja maabara alikuwa amebeba chanjo za watoto kwa miaka kumi na tisa, akizipeleka hadi kila mahali njia zinapokwisha, na hata siku moja hakuna chanjo iliyoharibikia mikononi mwake kwa joto. Hilo alilisema mara mbili kwa kila abiria, kwenda na kurudi. Mbona alimheshimu. Kila wiki kwa miezi minne Taratibu alifika kwenye kidirisha cha mapokezi ghorofa ya chini, akampa msajili vichupa vya damu vilivyopangwa vizuri na kufutwa vikavu kwa kitambaa, akaweka sahihi, akaenda zake. Msajili, mwenye glavu mbili mbili kila mkono, aliviandika na kuvipandisha juu. Dereva hakuwahi kupanda ngazi zile. Hakuna aliyemkataza, ila hakuna aliyemwita.

Kule kituoni hawakupata la maana. Muuguzi alifungua daftari lake: namba arobaini na moja, bibi mmoja wa miaka sabini na mitatu, alitolewa damu siku moja na wenzake kumi na wawili, kwa sindano za pakiti moja, mkono wa kushoto. Bibi mwenyewe alikuwa amekwenda kumsalimia mwanawe. Mbona alitazama kiti alichokalia, dirisha alilotazama, ndoo ya taka. Aliandika hata rangi ya ukuta. Wakaanza safari ya kurudi akiwa mikono mitupu.

Walipofika nusu ya njia akauliza, kwa kupitisha muda tu, "Mzee, unaikumbuka ile siku ya vichupa kumi na tatu? Mwezi wa pili, tarehe kumi na tisa?"

Gari, ambalo tayari lilikuwa likienda polepole, likapunguza mwendo. Kisha likasogea pembeni, likasimama. Taratibu alizima injini akakaa ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele kama bado anaendesha.

"Mwanangu," alisema, "nilijua siku hii itafika."

"Siku gani, mzee?"

"Nisikilize kwanza, halafu ufanye utakavyo. Sanduku langu la barafu lina matundu kumi na mawili. Siku ile nilikuwa nimeshafunga, niko mlangoni, mara naitwa. Kuna bibi amechelewa, anakuja na mkongojo wake, amekimbia, jasho linamtoka. Wakamtoa damu. Sasa mimi niiweke wapi? Nikijaribu kuibana, mfuniko haufungi. Mfuniko usipofungwa, barafu inayeyuka, zote kumi na tatu zinakwenda na maji. Basi." Alijigusa mfuko wa shati, upande wa kushoto. "Niliifunga kwenye leso, nikaiweka hapa, nikafunga kifungo. Saa tatu nzima, bila barafu hata chembe. Miaka kumi na tisa sijafanya kitu kama kile. Nilijua imeoza. Nikanyamaza. Nikawaza, moja tu, hawataiona. Tangu siku ile kila nikimpa msajili vichupa namkwepa macho."

Mbona alikuwa amegeuka mzima mzima kwenye kiti.

"Subiri, mzee. Subiri. Zile nyingine kumi na mbili zilikuwa kwenye barafu?"

"Sasa ziwe wapi?" Taratibu alisema, karibu kukasirika. "Barafu chini, barafu juu, na gazeti pembeni. Na wiki zote nyingine vile vile. Mimi ni mtu wa baridi, mwanangu. Uliza popote."

Kuna karatasi iliyobandikwa ukutani kule maabara, juu ya sinki. Mbona aliibandika mwenyewe siku yake ya pili kazini, akalainisha kona zake kwa kucha. Mstari wa saba unasema: damu ya kuchunguzia seli isipozwe, isafirishwe katika joto la kawaida la chumba. Chanjo hufa kwa joto. Seli hizi zenyewe huzubaa kwa baridi. Karatasi iko ghorofa ya tatu, dereva yuko ghorofa ya chini, na katikati yao kulikuwa na msichana aliyeuliza seli maswali kwa miezi minne bila kumuuliza binadamu mmoja swali moja: unazibebaje?

Hapakuwa na minyoo waliobembeleza kitu. Palikuwa na barafu. Wazee wa mbali hawakuwa na kinga dhaifu. Walikuwa na dereva mwaminifu. Alifikiria Ijumaa, akafikiria jopo, akaogopa. Lakini chini ya hofu ile, na aliona haya kuikuta hapo, kulikuwa na furaha ya mtu aliyefumbua kitendawili.

"Mzee," alisema, "hukuharibu kitu siku ile. Siku ile ndiyo uliyopatia."

Taratibu alimtazama kwa huruma, kama anayeona mtoto wa watu amepigwa na jua.

Kudhani si kujua, na Mbona alikuwa na siku moja ya kujua. Alhamisi asubuhi muuguzi wa ng'ambo ya ua aliwatoa damu watu watatu ambao nao walishachanjwa chanjo ile ile: Mbona, msajili mwenye glavu nne, na Taratibu mwenyewe, aliyefumba macho na kuuliza mara mbili kama wataona kitu kingine humo ndani. Kila mtu vichupa viwili. Kimoja kikaingia kwenye barafu, kimoja kikaingia mfukoni mwa shati la Taratibu. Kisha yeye na Mbona wakapanda gari, wakazunguka mjini saa tatu kamili bila kwenda popote. Walipita posta mara nne. Askari wa barabarani aliwasimamisha awaulize kama wamepotea, Taratibu akamjibu kwa heshima kwamba wanatembeza damu. Askari aliwaruhusu haraka sana.

Katika saa ya pili walisimama kwenye kibanda cha mama cha kushonea. Mbona alikuwa na kiu, na kwa kweli alitaka kumwona mama yake. Mama alitoa pini midomoni, akasalimia, kisha macho yake yakatua kwenye shati la mgeni, mahali ambapo vichupa vitatu vilikuwa vikichungulia.

"Hivyo ni nini?"

"Damu, mama. Yangu ni hiyo ya katikati."

"Damu ya mwanangu imekaa kwenye mfuko huu?" Mama alivuta ukingo wa mfuko kwa vidole viwili. "Uzi umeoza. Hatua mbili tu kinaanguka. Nani alishona shati hili? Hebu simama hapo, baba, usitikisike."

Akaushona pale pale, Taratibu akiwa ndani ya shati, amebana pumzi, na vichupa vikiwa ndani ya mfuko.

Seli hupewa usiku mmoja kuamka. Ijumaa saa moja asubuhi Mbona alifungua kabati la joto, akatoa kisahani, akakiweka juu ya karatasi nyeupe. Za mfukoni: buluu, buluu, buluu. Za barafu: maji, maji, na moja yenye rangi hafifu ambayo ungeweza kudhani ni kivuli. Alikaa kwenye stuli akaitazama rangi ile mpaka chai yake ikapoa.

Jopo lilikuwa saa nne. Saa tatu alimkuta Profesa kwenye ngazi na kumweleza yote, akiwa ameshika kisahani. Profesa hakupiga kelele. Alikaa pale pale kwenye ngazi na sketi yake nzuri, akakishika kisahani akakielekeza kwenye mwanga, na Mbona aliona jinsi mtu mzima anavyoiaga hoja yake ya miaka mingi.

"Wanajopo hawataki kusikia habari za makosa leo," Profesa alisema hatimaye. "Waeleze wa kituo cha karibu. Wale ni sahihi. Wa mbali usiwataje. Tutawarekebisha polepole, baada ya wewe kupata nafasi. Huo si uongo. Ni kunyamaza tu."

Mbona aliwaza kunyamaza kwa Taratibu, jinsi kulivyompunguza mtu mzima hadi akawa anamkwepa macho msajili. Na kwake kilikuwa kichupa kimoja.

"Profesa, nisamehe," alisema. "Nikinyamaza leo, kila mwaka nitakuwa nalinda siri ya barafu."

Aliingia, akasimama mbele ya watu saba, akaonyesha jedwali lake lote, kisha akaonyesha kwa nini nusu yake haina thamani. Hakuruka hata mfuko wa shati. Mwanajopo mmoja alivua miwani.

"Kwa hiyo hili ni kosa la dereva?"

"Hapana, bwana. Dereva alifanya kazi yake kama alivyoijua, na aliijua vizuri kuliko mimi ninavyoijua yangu. Mimi sikumuuliza."

Walimshukuru. Saa tisa majibu yalibandikwa mlangoni: nafasi alipewa kijana anayechunguza magonjwa ya nyuki. Mbona alikwenda akampongeza kwa mkono, maana kijana hakuwa na hatia, kisha akaingia chooni akalia. Hakulia sana, lakini alilia kwa uchungu, akiwa ameziba mdomo kwa mkono wa koti ambao mama aliupunguza.

Jioni ile mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na safari hii hakuwa na pini. Hakusema Mungu atakupa nyingine. Alisema, "Sasa wale wazee?"

"Lazima niende nikawaombe damu tena, mama. Wote hamsini na sita. Nao wanaweza kukataa."

"Safari moja ni vichupa vingapi?"

"Kumi na nne, nikijitahidi."

"Vikae karibu na mwili, au mbali kidogo?"

Mbona alinyanyua uso. "Mbali kidogo. Visipate joto sana, wala baridi."

"Basi kizibao chenye bitana mbili," mama alisema, akaenda kutafuta kitambaa.

Jumatatu Profesa alimwekea fomu mpya mezani. Alikuwa bado amenuna, lakini fomu aliileta mwenyewe. "Ya mwaka ujao," alisema. "Ukurasa wa kwanza wanataka swali la utafiti. Hoja ya minyoo tumeizika. Tafuta jingine, na liwe lako." Mbona alikaa na ukurasa ule mtupu wiki mbili. Mtu aliyeitwa Mbona maisha yake yote hakuwa na swali la kuandika. Kila alilolianza lilinuka kitabu cha mtu mwingine.

Wiki ya tatu alikwenda kituo cha mbali. Wazee kumi na wanne wa kwanza walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya ukumbini. Nyuma yake alisimama Taratibu, amevaa kizibao cha kijivu chenye mifuko kumi na minne, kila mfuko na kifungo chake na namba yake kwa uzi mwekundu. Alisimama wima kama bwana harusi. Mbona aliwasalimia wazee, akawaeleza ukweli: damu waliyotoa mara ya kwanza ilipozwa, na haikutakiwa kupozwa, kosa ni lake, hawana deni lolote kwake, na anayetaka kwenda nyumbani aende.

Benchi lililia. Kisha bibi mmoja wa mbele akaegemeza mkongojo wake ukutani.

"Mjukuu wangu, mara ile tuliona gari tu," alisema. "Leo umekuja mwenyewe."

"Nimekuja, bibi. Ningekuja mara ile."

"Ungekuja." Bibi alimtazama Taratibu juu hadi chini. "Na huyu namjua. Huyu ndiye aliyeweka damu yangu mfukoni. Nilimwona. Nikasema, shauri yake."

Taratibu alitazama viatu vyake.

"Hiyo ya kwako, bibi, ndiyo iliyofika nzima," Mbona alisema. "Katika hamsini na sita, ni yako peke yake."

Bibi namba arobaini na moja alipokea habari hiyo bila mshangao wowote, akanyoosha shingo na kugeuka kidogo ili wenzake wamwone. Halafu akakunja uso.

"Lakini hebu niambie. Mimi nimeoga maji ya baridi kila alfajiri tangu usichana wangu. Baridi hainifanyi kitu. Mbona damu yangu ikiwa ndani yangu haiogopi baridi, ikitoka nje inaogopa?"

Mbona alifungua kinywa kumjibu. Majibu ya darasani yalikuja mawili matatu, akayageuza, akaona kila moja linafika nusu ya njia na kusimama. Mwili hujipasha, ndiyo. Lakini seli za mkono wa mtu aliyeshika barafu, za pua ya mtu kwenye baridi, zile zinazopita huko kila siku na kurudi: mbona hizo zinaamka tena? Zinarudishiwa nini ndani ambacho kwenye kichupa hakipo?

"Sijui, bibi," alisema.

"Hujui? Na ulivyosoma?"

"Sijui kabisa." Na alikuwa anacheka, machozi yakiwa karibu, moyo ukimdunda kama wa mtoto wa miaka minne.

"Basi nenda ukatafute," bibi alisema, akikunja mkono wa kushoto wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko. "Ukipata, uje mwenyewe uniambie. Usimtume dereva."

Muuguzi akaleta sindano. Mbona alitoa kalamu, akaliandika lile swali la bibi, neno kwa neno, nyuma ya kiganja chake, maana ile fomu ilikuwa mbali. Taratibu alikipokea kichupa cha kwanza kwa mikono miwili, akakiingiza katika mfuko wa kifuani upande wa kushoto, akafunga kifungo.